Uliza Fundi: Tandemu, apimwe kwanza wa nyuma

Mwezi huu sijui umepita upepo gani, maswali ya tyubu hamna, ya breki hamna, watu wote wanauliza tandemu. Kwa ambaye hajaiona, ni ile baiskeli ndefu ya siti mbili, mmoja anakaa nyuma ya mwenzie, wote wana pedali na wote wana usukani, ila usukani wa nyuma haukati kona, ni wa kushikilia tu. Zinaingia moja moja kwenye mitumba, zimechanganyika na baiskeli za kawaida, na Tanga yetu hii ilivyo tambarare na watu wake walivyozoea pedali tangu utotoni mi naona imefika kwao. Shida ni kwamba nyingi baada ya wiki mbili zinaegeshwa uani zinafunikwa turubai, na nikiitwa kuziangalia sio mbovu, ni haziwatoshi wenyewe. Yani inamtosha mmoja. Na huyo mmoja siku zote ni wa mbele, manake ndo katoa hela.

Shikamoo fundi. Mi niko Sahare. Mume wangu na mimi kila Jumapili tunatoka na baiskeli, yeye na yake mimi na yangu, na kila Jumapili ananiacha, nafika Raskazone yeye ashamaliza madafu mawili. Tumeamua tununue ya watu wawili yaishe. Kuna muuzaji wa mtumba anazo mbili, moja ya kijani ndefu, moja nyekundu ya kizamani fupifupi, anasema tandemu haina saizi, unapandisha siti unashusha siti basi. Mume wangu ana sentimeta 186, mimi 153. Yeye kaipenda nyekundu, rangi nzuri na bei chini. Mimi nilivyoikalia nikajiona kama niko kwenye daladala ya saa kumi na mbili jioni. Tuchukue ipi? Na lazima mimi ndo nikae nyuma? (Mama Wawili, Sahare)

Marahaba dada yangu. Hicho ulichokisikia ulipoikalia nyekundu ndo jibu lenyewe, haya mengine nakuongezea tu ukamsomee mzee nyumbani.

Muuzaji kasema nusu. Siti kweli zinapanda na kushuka, ila kuna kitu kwenye tandemu hakipandi, hakishuki wala hakisogei, kimechomelewa huko huko kiwandani, nacho ni umbali kati ya siti ya mbele na siti ya nyuma. Hapo ndo utakapoishi wewe. Mikono yako, kifua chako, magoti yako, vyote vinagombania huo uwazi, na mbele yako hamna barabara, kuna mgongo wa mumeo. Za kizamani nyingi walizitengeneza fupi hapo, unakuta sentimeta 60 na vidogo, matokeo yake wa nyuma anakaa wima kama anapiga picha ya pasipoti, pua iko kwenye fulana ya mwenzie na goti likipanda linagonga usukani. Za miaka ya karibuni unakuta 70 na kuendelea. Chukua futikamba, pima toka katikati ya bomba la siti ya mbele mpaka katikati ya bomba la siti ya nyuma, ukilifuata lile bomba la juu la fremu, ni kazi ya dakika moja na muuzaji hawezi kukukataza, akikukataza ushajua kwanini.

Najua utasema mi ni 153, ya fupi si ndo yangu? Hapana dada, na hapa wanakosea hata mafundi wenzangu. Uwazi mrefu unaweza kuupunguza. Ule usukani wako wa nyuma umeshikiliwa na shingo inayobana kwenye bomba la siti ya mumeo, ukiweka shingo ndefu zaidi usukani unarudi kwako, zipo hata zinazovutika, unalegeza bolti unavuta unakaza. Uwazi mfupi huna la kuufanya. Labda umwambie mumeo apunguze mgongo.

Sasa kimo. Nenda ukutani umevaa suruali ya kubana, peku, weka kitabu kigumu katikati ya miguu ukipandishe mpaka kikubane kama siti inavyobana, mtu apime toka sakafuni mpaka mgongo wa kitabu. Tuseme umepata 70. Zidisha kwa 0.88, unapata kama 62. Hiyo ndo sentimeta inayotakiwa toka katikati ya ekseli ya krenki ya nyuma, krenki ni ule mkono unaobeba pedali, mpaka juu ya siti yako. Siti yenyewe na kishikio chake, hata ukiizamisha mpaka mwisho, inakula 8 mpaka 10. Kwahiyo lile bomba la fremu linalopokea siti yako lisizidi 52, na likiwa 46 au 48 ndo raha zaidi, unabaki na pa kurekebishia. Ukikuta 54 au 56 achana nayo hata akikutolea elfu hamsini, manake siti itakuwa imelala kabisa na wewe bado unatafuta pedali kwa vidole, nyonga zinakwenda kushoto kulia, na kwenye tandemu nyonga za nyuma zikiyumba baiskeli nzima inayumba, aliye mbele anapigana na usukani anadhani ni upepo. Hiyo kijani hujaniandikia vipimo vyake. Kapime.

Mume wako hana shida ya kimo ila ana kazi moja ambayo kwenye baiskeli ya kawaida haipo, yeye ndo stendi. Mnapoanza anapitisha mguu, anasimama juu ya bomba, nyayo zote mbili ziko chini, miguu kaitanua kama golikipa anayesubiri penati, breki zote mbili kazikaba. Hapo ndo wewe unapanda, unakaa, unaweka miguu yote miwili kwenye pedali, na kuanzia hapo hushuki tena mpaka mfike, mkisimama kupisha bajaji wewe umekaa juu zako kama bibi harusi. Kwahiyo anashikilia baiskeli ya kilo 20 hivi na wewe uko juu yake. Ndo maana aliye mbele lazima akisimama abaki na nafasi ya vidole vitatu kati yake na bomba, akikosa hiyo nafasi siku atakapoteleza kwenye mchanga atajua mwenyewe. Na miguu anaitanua kwasababu wewe kule nyuma ukizungusha pedali kuiweka sawa, na za kwake zinazunguka, zinamgonga muundi. Mi nina kovu la hiyo kitu mguu wa kushoto toka mwaka juzi, wife alikuwa anatafuta tu pa kuweka kiatu.

Kingine cha kuangalia ni pale usukani wako unapobana. Kwasababu umebana kwenye bomba la siti yake, yeye akipandisha siti sentimeta 3 na mikono yako inapanda 3. Na bomba lake lazima litokeze vya kutosha juu ya fremu ili shingo ipate pa kukaa. Kwa mtu wa 186 linatokeza, ila wakiwauzia fremu kubwa mno mbele siti yake italala na shingo yako haina mahali. Alafu unene, bomba za siti hazilingani, kuna za milimita 27.2 kuna nene zaidi, shingo ya bomba lingine ukiilazimisha inacheza au inapasuka.

Sisi tuko pwani, chumvi iko mpaka kwenye upepo wa kuanikia nguo. Kabla hamjatoa hela azima spana, legeza siti zote mbili, zishike uzizungushe, uzitoe kabisa nje. Bomba la aluminiamu likikaa miaka ndani ya fremu ya chuma na chumvi likishaingia linagandana kama limechomelewa, nishawahi kukata moja kwa msumeno siku mbili huku mwenyewe kakaa pembeni ananiangalia kama mi ndo niliyeligandisha. Sasa nyie mnaotofautiana sentimeta 33, siti isiyosogea mtaifanyia nini?

Krenki nazo zisome, nyuma ya ule mkono wa pedali kumeandikwa 170 au 165, hizo ni milimita za urefu wake. Za watu wengi ni 170. Kwako 165 ingekuwa nafuu, manake kule nyuma huchagui mwendo wa miguu yako, kuna mnyororo upande wa kushoto umewafunga pamoja, yeye akikanyaga umekanyaga, akiacha umeacha, akiamua kuzungusha haraka haraka na wewe mguu mfupi unazunguka huo huo mduara mkubwa. Hili mtaongea nyumbani, wanaume wa miguu mirefu wanapenda gia nzito wanakanyaga taratibu, magoti ya mtu mfupi hayapendi hivo.

Kuhusu nani akae mbele, hamna sheria ya mume. Anakaa mbele mzito zaidi na aliyezoea zaidi baiskeli, kwasababu uzito wa nyuma ndo unaotingisha na wa mbele ndo anayezuia. Huko Ulaya miaka ya 1890 zilikuwepo tandemu ambazo bibi ndo anakaa mbele aone mandhari na bwana nyuma, kwenye baadhi bwana akisaidia kuongoza kwa chuma kilichounganishwa mpaka kwenye usukani wa mbele. Ila kwa vimo vyenu wewe ukikaa mbele yeye kule nyuma atapiga magoti kidevuni.

Nyekundu waachieni. Kijani, kama umbali ni 70 au karibu yake na bomba lako halizidi 52, hesabu na spoku, gurudumu la nyuma lisipungue 36, ukikuta 40 au 48 ni bahati, alafu muombeni muuzaji mwende nayo asubuhi barabara ya Raskazone kabla magari hayajaanza, mzunguke nusu saa nzima sio dakika tano za kumridhisha. Ukirudi shingo haiumi, viganja havijafa ganzi na umeona bahari walau mara mbili pembeni ya bega lake, toeni hela. Mkishaizoea nendeni Tongoni kwenye magofu, ni kilomita kama 20. Wakati wa kusi kwenda upepo utakuwa usoni, ila tandemu hapo ndo penyewe, miguu minne na kifua kimoja tu kinachopasua upepo, na cha kwako kimejificha. Kurudi unawasukuma.

Fundi habari ya kazi. Kaka yangu mkubwa alipoteza kuona miaka minne iliyopita kwa presha ya macho. Kabla ya hapo alikuwa anaendesha toka Pongwe mpaka mjini kazini kwenda na kurudi kila siku na hicho ndo kitu anakikumbuka kuliko vyote. Nataka tununue tandemu tupande wote. Yeye ana kilo 92 na sentimeta 182, mi kilo 58 na sentimeta 168. Kila ninayemuuliza anasema mzito lazima awe mbele. Sasa hapo si ndo haiwezekani? (Mdogo Mtu, Pongwe)

Mdogo wangu, na mi nimesema hapo juu mzito mbele, ila hiyo ni desturi ya wenye kuchagua. Nyie hamna uchaguzi kwahiyo mnajifunza, basi. Kwenye Paralimpiki wasioona wanashindana kwa baiskeli hii hii, aliye mbele anaona na wanamwita pailoti, wa nyuma ndo mchezaji mwenyewe, na wanakwenda mwendo ambao mi na wewe tukiwa na bodaboda tutasogea pembeni. Hata Olimpiki ya kawaida ilikuwa na mbio za tandemu uwanjani mpaka Munich 1972 ndo wakaziondoa.

Kazi yenu ngumu ni kuipata inayowafaa, kwasababu zinazotoka Ulaya nyingi zimepimwa mume mrefu mbele na mke mfupi nyuma, nyie mko kinyume. Wewe kwa 168 tuseme kitabu ukutani kinakupa 76, siti yako itakaa 67 toka ekseli. Kaka yako tuseme 84, yake 74. Tafuta yenye bomba la mbele kama 50 na la nyuma linalolingana nalo. Ukikosa, ya nyuma hata ikiwa 46 inatengenezeka, unamwekea bomba refu la siti, la sentimeta 35, ila angalia ule mstari wa mwisho uliochongwa kwenye bomba, lazima uzame ndani ya fremu, ukionekana nje usimpandishe mtu wa kilo 92 hapo, fremu itafunguka kama kopo. Umbali kati ya siti kwake usikubali chini ya 70, ukipata 72 au zaidi chukua mbio.

Na kuna kitu watakusahaulisha. Usukani wake unabana kwenye bomba la siti yako, na siti yako iko chini, kwahiyo yeye mrefu atajikuta kainama kama anatafuta funguo. Weka shingo inayopanda, au usukani uliopinda kuja juu kama ule wa baiskeli ya Phoenix, hiyo mtaani kwetu haikosekani.

Kusimama ndo mtihani wako. Bomba la juu pale mbele lisizidi kama 72 toka chini ili nyayo zote mbili zikanyage vizuri. Siku ya kwanza usimpandishe. Zunguka peke yako kwenye uwanja uzoee ule urefu, kona ya tandemu ni kubwa, gurudumu la nyuma linakatiza ndani kama la lori refu, watu wanajibandika kwenye kingo za mtaro hivo hivo. Siku ya pili mpandishe mtu mwepesi, mtoto wa jirani wa darasa la sita. Ndo siku ya tatu kaka. Gia iwe nyepesi kabla hamjaondoka, tairi upepo mpaka karibu na namba iliyoandikwa ubavuni, na yeye akishakaa asigeuke geuke, kama anataka kujikuna au kurekebisha kofia aseme kwanza. Mnakuwa kilo 150 na baiskeli kama 20, ukizubaa kidogo mnalala.

Alafu mdomo. Wewe ndo macho yake kwahiyo huruhusiwi kunyamaza. Kila kitu kinaitwa kabla hakijafika: "tunaanza", "gia", "kona kulia", "breki", "pumzisha miguu". Na "tuta", hii muhimu, mapema kama mita kumi, ajinyanyue kidogo kwenye siti maana yeye kakaa karibu kabisa na gurudumu la nyuma na kishindo chote kinaishia kwake. Mi kuna mzee nilikuwa namzungusha upande wa Amboni nikasahau kuita tuta moja tu, hakuniongelesha mpaka tulipofika kwenye chai. Kwa upande mwingine yeye masikio atakushinda, lori la nyuma atalisikia wewe bado unaangalia mashimo, mkubaliane akisema "gari" unashika kushoto bila kubishana.

Na hiyo miguu iliyokuwa inatoka Pongwe kila siku bado ipo. Usishangae ukijikuta wewe ndo abiria.

Fundi, binti yangu ana miaka 8, sentimeta 124, nataka nimuweke nyuma ya tandemu nimpeleke shule lakini miguu haifiki. Nikate krenki? (Baba Mwanaisha, Mabawa)

Usikate krenki jamani, utaiua na siku akikua utanunua nyingine. Kuna njia mbili. Huko nje wanauza krenki ya tatu ya watoto inayobana juu kidogo kwenye bomba la siti ya nyuma na kuunganishwa kwa mnyororo mfupi na ile ya chini, hapa kwetu sijaiona dukani ila fundi wa kuchomelea mwenye akili akipewa krenki kuukuu na beringi anaitengeneza. Ya pili rahisi, vipande vya chuma vyenye tundu la pedali vinavyofungwa kwenye krenki hiyo hiyo ili mduara uwe mdogo, kutoka 170 ushuke mpaka kama 120, na juu ya pedali unaongeza kipande cha mbao kila upande. Siti ishushwe mpaka mwisho na shingo ya usukani iwe ndefu imfuate.

Mkanda wa mguu ni lazima. Wewe ukikanyaga za kwake zinazunguka atake asitake, mguu ukichomoka pedali inarudi kumpiga muundi na wewe mbele huoni. Viatu vya kamba, sio kandambili. Na muongeleshe njiani, watoto wanalala kule nyuma, ukisikia kimya ghafla na baiskeli imekuwa nzito upande mmoja, simama.

Za kwangu pedali za mbele na za nyuma haziendi sambamba, ya mbele ikiwa juu, ya nyuma iko katikati. Mbovu? (Wa Chumbageni)

Sio mbovu, mtu aliipanga hivo makusudi. Wengine wanapenda hivo kwasababu mmoja akiwa pale pedali inapokosa nguvu mwenzie yuko kwenye nguvu, mwendo haukatiki. Mi napenda sambamba, kuanza ni rahisi na wote mnajinyanyua pamoja kwenye shimo. Ukitaka kubadilisha, legeza ule mnyororo wa kushoto uutoe kwenye meno ya mbele, zungusha krenki mpaka zilingane, rudisha. Pale kwenye ekseli ya krenki ya mbele nyingi zina kipande cha duara unachokizungusha kukaza mnyororo, ukiubonyeza katikati kwa kidole ucheze kama sentimeta moja, usiwe kama gitaa na usining'inie, ukining'inia unaruka meno na pedali zinajipanga upya zenyewe mkiwa katikati ya barabara.

Fundi tandemu bei juu. Mi nina Phoenix mbili, siwezi kuzichomelea ikawa moja? (Kijana wa Barabara ya 12, Ngamiani)

Unaweza. Na mi niliweza, nilipokuwa na miaka 22, mimi na binamu yangu, tulikata ya nyuma uma wa mbele na gurudumu, tukaibandika kwenye bomba la siti ya ile ya mbele, tukachomelea usiku mzima, tukapaka rangi ya bluu. Ikaenda vizuri siku nne.

Kitu ambacho sikukijua ni kwamba bomba la Phoenix limetengenezwa kubeba mtu mmoja na gunia, sio kukunjwa katikati. Kwenye tandemu katikati ya fremu ndo pana uzito wote, ndo maana za kiwandani zina bomba nene kule chini kati ya krenki mbili, na nyingi zinaongezewa bomba jingine la mshazari linalokatiza fremu toka mbele mpaka nyuma, sisi hatukuweka. Pia moto wa kuchomelea unaufanya ule ukingo wa bomba uwe mkavu kama biskuti, hauvunjiki pale ulipochomelea, unavunjika pembeni yake kidogo, na haukupi taarifa. Breki za vyuma za baiskeli ya kawaida nazo hazikuwazwa kwa watu wawili, kwa hapa mjini utajikongoja, ila mtu asije akakudanganya mwende nayo Lushoto, mkishuka kuja Mombo rimu zinapata moto mpaka tyubu inapasuka, hata tandemu za kweli kwa milima ile zinawekewa breki ya tatu.

Kama lazima uchomelee, weka hilo bomba la mshazari, bomba la chini liwe nene kuliko yote, gurudumu la nyuma litafutie rimu nzito yenye spoku 40, na kabla hujakata chochote mkalishe huyo atakayekaa nyuma kwenye stuli nyuma yako, mpime uwazi anaoutaka, kwasababu hapo wewe ndo kiwanda, una bahati ambayo wanunuzi wote hapo juu hawana. Sisi tuliweka 55, ndo chuma kilikoishia. Binamu alikaa siku nne akila mgongo wangu, ya tano karibu na soko ikakatika tukiwa mwendo wa kutembea tu, mi nikaenda mbele na usukani yeye akabaki kakaa barabarani ameshika shingo. Kipande cha nyuma ninacho mpaka leo uani, kuku wanalalia kwenye siti.